Sala ya Kuzamishia Shoka

Katika miaka yangu ya ukatekista niliharibu mashoka saba bila kugusa hata moja. Namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeumia, ukiacha jirani yangu mmoja aliyepigwa na kipande cha chuma kwenye kofia, na kofia yenyewe ilikuwa ya mtumba. Hata hivyo, kwa nusu nzima ya Kwaresima ile sikuweza kupita njia ya kigangoni bila mtu kuniuliza, kwa heshima zote, kama nimepata sala nyingine mpya.

Kijiji chetu kiko juu ya Moshi, ambako migomba na mibuni imebanana vihambani, mashamba yetu ya ukoo, na kila nyumba hupikia kuni. Kuni zetu nyingi si za kuokota. Mkaratusi ukiangushwa hulala kama nyumba, na ndani nyuzi zake zimesokotana kama nywele zilizosukwa. Ukiupiga na shoka baya, shoka linakurudia. Kwa hiyo tulitegemea mashoka na kabari za mhunzi mmoja aliyeishi ng'ambo ya mfereji, si mbali na kanisa. Alifua kwa springi za malori mabovu. Kabari zake, yale mapande ya chuma tunayochomeka kwenye ufa na kuyagonga mpaka gogo lipasuke, zilidumu kuliko waliozinunua. Moja niliirithi kwa baba yangu, pamoja na maelezo ya jinsi ilivyomtia kovu mguuni.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo maduka ya mjini yalianza kujaa tena baada ya kukaa matupu muda mrefu. Yalikuja mashoka ya kiwandani, yamepakwa rangi nyekundu, yanang'aa kama matunda. Niliingia katika duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Moshi, ambaye Kichagga chake kilikuwa safi kuliko cha wajukuu zangu, nikalinyanyua moja.

"Mwalimu, hilo halihitaji mhunzi," akasema.

"Linahitaji nini?"

"Linahitaji mti laini."

Nilinunua moja hata hivyo, kwa sababu ya rangi. Lakini kwa kazi ya kweli nilijua pa kwenda.

Mhunzi wetu alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, mfupi, mwenye mabega ya kijana, na hakuwa amebatizwa. Mkewe alibatizwa akiwa mtoto mchanga. Ujanani aliolewa naye kimila, kwa ng'ombe na pombe ya mbege, wazazi wake wakikataa, maana siku hizo watu waliuogopa ukoo wa wahunzi. Walisema mhunzi akiudhika, akagonga nyundo tupu kwa ajili yako, umekwisha. Binti yule hakuogopa nyundo. Ila ndoa haikubarikiwa kanisani, na kwa hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini hakupokea Komunyo. Kila Jumapili wenzake wakiinuka kwenda mbele, yeye alibaki kwenye benchi, akisogeza magoti pembeni ili wapite.

Mwaka mmoja, kahawa ilipokwisha kuchumwa, alinijia nyumbani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele amina, Mama. Karibu."

"Sikai. Amekubali."

"Nani?"

"Meku wangu." Meku ndivyo tunavyowaita wazee wa kiume huku kwetu. "Amekubali kubatizwa. Mwandike leo, kabla hajajiuliza mara ya pili. Na magoti yangu haya, Mwalimu, nataka kupokea yangali yanakunjika."

Nilimwandika siku ileile. Mzee akaanza kuhudhuria mafundisho. Alikuja akiwa ameuweka mkono begani kwa mkewe, njia nzima, kuvuka daraja la mfereji hadi mlango wa kanisa, na akina mama wa kwaya wakawaita bibi na bwana harusi. Sisi tulidhani ni mapenzi. Darasani alikuwa msikivu. Swali lake kubwa lilikuwa Yosefu, aliyekuwa seremala, alifuliwa shoka na nani, na nilikiri sijui.

Wiki ya kwanza ya Kwaresima, paroko alituagiza tuchome matofali ya kujengea kigango kipya. Mkaratusi mkubwa uliokuwa nyuma ya kanisa ukaangushwa uwe kuni za tanuru. Nikaenda kwa mhunzi kuagiza mashoka saba. Nilimkuta kazini. Mkewe alikuwa kwenye kigoda akivuta mivukuto, yeye ameshika kwa koleo shoka lililoiva motoni.

Nilikuwa sijawahi kutazama hatua ile ya mwisho. Alilizamisha shoka majini upande wa makali tu, likachemka, akalitoa, akasugua makali kwa jiwe. Kisha akasimama wima, amelishika mbele yake kama mtu aliyeshika mshumaa, na kuanza kusema kwa Kichagga, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Nilisikiliza. Alikuwa akiwataja babu zake. Alianza na baba yake, akaenda kwa babu, akapanda hivyo mmoja baada ya mwingine mpaka wa kumi na mmoja, na kwa kila mmoja alisema alifua nini na alifia wapi. Alipomaliza yule wa kumi na mmoja, akalizamisha shoka lote majini. Tssss!

Nami, kwa bidii ya mtu aliyesoma kidogo, nikashtuka.

"Meku," nikasema, "hayo ni mambo gani? Unaita mizimu juu ya shoka, na Pasaka unabatizwa?"

"Siwaiti," akasema. "Wakija watakaa wapi? Humu hakuna nafasi hata ya kigoda kingine."

"Basi unawataja wa nini?"

Alifikiri. Mkewe akaacha kuvuta mivukuto, akamwangalia.

"Ndivyo chuma kinavyofanywa," akajibu. "Baba yangu alifanya hivyo."

"Sasa mashoka haya ni ya kanisa. Huwezi kufua mashoka ya kanisa kwa maneno hayo. Umejifunza sala nzuri, chagua mojawapo. Sema hiyo mahali pa hayo."

"Yoyote?"

"Yoyote."

Neno hilo, yoyote, nimelitubia. Niliondoka pale nikijipongeza, nikaimba njia nzima.

Jumamosi moja katikati ya Kwaresima tulikusanyika kwenye gogo, wanaume kama ishirini, saa mbili asubuhi. Mhunzi alifika na mkewe, mkono begani kama kawaida, na mama yule akatua mafungu matatu yaliyofungwa kwa makamba ya mgomba. Akatueleza kwa uaminifu kama anayegawa mbegu: "Haya mawili ni ya Salamu Maria. Haya matatu ni ya Baba Yetu. Haya mawili ya mwisho ni ya Nasadiki."

Watu wakaangaliana. Mwenyekiti wa jumuiya, mtu mnene mwenye mzaha, akasema, "Nipeni la Salamu Maria. Nina mgongo mbovu, nahitaji Mama."

Akalikita kwenye gogo. Kilichofuata ni mlio kama wa kikombe kinachovunjika, na kipande cha makali kikaenda moja kwa moja kwenye kofia niliyoitaja. Akajaribu la pili. Hilo nalo likameguka.

"Mama amekataa," akasema. "Leteni Nasadiki."

La Nasadiki halikumeguka. Lilipinda. Baada ya mapigo matano makali yake yalikuwa yamejikunja kama jani la mgomba lililobabuliwa motoni. La pili lilipinda kwa mapigo matatu. Tukaja kwenye yale ya Baba Yetu, na hapo hapakuwa na utaratibu wowote: moja lilimeguka, moja likapinda, na moja, sijui lilifanyaje, liliweza yote mawili.

"Mwalimu," mwenyekiti akaniita mbele ya watu wote, "hivi huna sala ya katikati?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kwa kiburi nikatuma waende nyumbani kwangu wakalete shoka langu jekundu la dukani. Pigo la pili kichwa chake kilichomoka kwenye mpini, kikaruka juu na kupotelea kwenye mibuni ya kanisa. Mpaka leo hatujakiona.

Mhunzi hakucheka. Aliokota shoka moja la Nasadiki, akapitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, kutoka ncha hadi ncha.

"Mungu wako hajui chuma, Mwalimu," akasema.

"Mungu anajua chuma, Meku. Ndiye aliyekiumba."

"Basi ni wewe hujui."

Katika yote niliyofundisha mwaka ule hilo ndilo lililokuwa na uhakika zaidi.

"Nimefua tangu sijaota ndevu," akaendelea. "Watu wanashuka mpaka mjini kununua mashoka mekundu, mimi nawaambia ngojeni, yatawarudia. Leo nimeleta takataka hizi mbele ya kijiji kizima. Kama kubatizwa ndiko huku, mimi nitabaki kama nilivyo. Mafundisho siji tena."

Akageuka, akaweka mkono begani kwa mkewe. Mama yule aliinama tu, akakusanya zile kamba za mgomba moja moja, na alipokuwa akiinuka aliyashika magoti yake. Nikaelewa nimevunja nini, na haikuwa mashoka.

Siku tatu sikulala vizuri. Ya nne nikaamua kwenda kuomba radhi kwa namna yetu. Nikakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba changu. Kwetu mtu akikujia na jani la sale mkononi, hata kama amekuchomea nyumba, utamsikiliza. Kulikataa jani lile ni jambo ambalo mtu mzima hafanyi. Nikalifunga fundo kama inavyotakiwa, nikavuka mfereji, nikamkuta mzee amekaa nje karibu na banda la mbuzi.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Ni Mwalimu?"

"Ni mimi. Nimekosa. Nimekuja na hili." Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili, nimeinamisha kichwa.

Alilipokea kwa viganja vyake vigumu kama soli. "Asante, Mwalimu," akasema kwa upole. "Huyu jike anakula kama askari." Akainama, akalisukuma jani langu la sale kwenye banda la mbuzi.

Nimeishi miaka mingi, nimetukanwa na walevi na watu wasiolewa, lakini kama hilo sijawahi kufanyiwa. Katika Uchagga mzima sijasikia mtu aliyepewa sale akalisha mbuzi. Mbuzi mwenyewe alilinusa, akalitazama lile fundo, akarudi nyuma hatua mbili, akaniangalia. Yeye alijua mila.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, masikio yanawaka, niliposikia mtu akikohoa kama anayepaliwa. Ni yule mama, ameshikilia nguzo ya jiko, anacheka huku machozi yanamtoka. Akanivuta nyuma ya jiko.

"Mwalimu, usikasirike. Hakuliona."

"Hakuliona vipi, nimempa mkononi?"

"Haoni. Mwanga anauona, na watu kama vivuli. Ukungu ulianza kumwingia machoni miaka sita iliyopita. Ndiyo maana ananishika bega njiani. Ninyi mnatuimbia za harusi."

Nikakaa kwenye gogo lililokuwa pale.

"Na mashoka anayafuaje?"

"Kwa mkono na kwa sikio. Kupiga hakumshindi. Shida ni kule mwisho." Akanieleza, naye alikuwa mwalimu bora kuliko mimi. Shoka likizamishwa makali tu, mgongo wake unabaki na moto. Ukilitoa, moto ule unarudi polepole kwenye makali, na chuma kinabadilika rangi. Wahunzi wenye macho hungoja rangi ya jani kavu la mgomba ifike ukingoni, halafu huzamisha lote. Ukiwahi, shoka linakuwa gumu na kumeguka. Ukichelewa, linakuwa laini na kupinda. "Yeye rangi haioni tena. Lakini wale babu zake kumi na mmoja, ukiwataja kwa mwendo aliofundishwa na baba yake, wanaisha wakati rangi inafika. Kila mara. Nimekaa kwenye mivukuto, nimeona kwa macho yangu."

"Kwa hiyo Salamu Maria..."

"Ni fupi mno."

"Na Nasadiki?"

"Tungeweza kupika chai."

"Na Baba Yetu?"

Akaficha mdomo kwa kanga. "Hiyo ingekaribia. Ila anakwama kwenye mkate. Siku nyingine namkumbusha upesi, siku nyingine nakohoa."

Nikauliza kwa nini basi asimwambie yeye, kwa kuwa anaiona rangi.

"Nilimwambia mara moja: sasa zamisha. Alininunia mpaka kahawa ikaiva. Mhunzi aambiwe rangi na mkewe? Na wewe usithubutu kumwambia unajua, Mwalimu. Hajamwambia mtu. Anaogopa wakijua, wote watakwenda kwenye yale mekundu."

Nimelitunza jambo hilo, isipokuwa kwa paroko. Ninaliandika leo kwa sababu wote wawili wametangulia, na naamini huko aliko haoni tena sababu ya kununa.

Kesho yake nilitembea hadi parokiani kumweleza paroko, maana yeye peke yake ndiye angeweza kutengua agizo langu bila mimi kuonekana nimelitengua. Alinisikiliza akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nilipofika kwenye yule mbuzi aliniomba nirudie. Jumatano iliyofuata akaja mwenyewe kibandani kwa mhunzi, ameshika kofia yake, akaomba afuliwe shoka moja aone, na litajwe lolote la kutajwa kama zamani.

Mzee alifua. Alizamisha makali, akatoa, akasugua, akasimama wima. Akawapandia babu zake mmoja mmoja. Mimi niliyatazama makali, na namshukuru Mungu kwa kunipa macho siku ile: rangi ilitembea polepole kwenye chuma, njano hafifu, kisha iliyokolea kama jani kavu, na ilipougusa ukingo, yule wa kumi na mmoja alikuwa anakufa. Tssss!

"Hawa unawaomba kitu?" paroko akauliza.

"Niwaombe nini? Hawana kitu. Walikuwa wahunzi."

"Unawatolea chochote?"

"Hapana. Naanza na baba, nikifika kwa yule wa kwanza nazamisha."

Paroko akanigeukia. "Mwalimu, huyu anahesabu."

"Ndiyo, Baba."

"Wewe ukihesabu mahindi, unayaabudu?"

"Hapana, Baba."

"Basi mwache mtu na hesabu zake." Kisha akamwambia mzee, "Ila kabla ya kuanza, fanya ishara ya msalaba."

Mzee akakunja uso, akapiga hesabu kimoyomoyo. "Kabla ya kuzamisha makali, au baada ya kutoa?"

"Kuna tofauti?"

"Ipo kubwa, Baba. Kabla, sawa. Baada, nitalazimika kumpunguza mmoja."

Wakakubaliana kabla. Paroko akachukua shoka lile, akavua kanzu, akaenda mwenyewe kwenye gogo nyuma ya kanisa, na kwa pigo la nne mkaratusi ule ulipasuka kwa mlio ambao mwenyekiti wa jumuiya aliusikia akiwa nyumbani kwake, akaja mbio na sufuria mkononi. Mzee aliyafua upya mashoka yote saba. Matofali tuliyachoma kabla ya mvua kukolea.

Siku ya kuulizwa maswali, paroko alimtaka asali Baba Yetu. Mzee alisali mwanzo hadi mwisho, mkate na yote, kwa mwendo uliopangika hata paroko akasahau kuuliza swali la pili. Kumbe yale mashoka mabovu matatu hayakupotea bure.

Alibatizwa Jumapili iliyofuata Pasaka, misa ya saa nne, na ndoa ikabarikiwa palepale, kwaya ikiimba za harusi kwa haki safari hii. Ulipofika wakati wa kupokea, nilikuwa mbele karibu na altare, na sikuondoa macho kwenye benchi la nne upande wa wanawake. Mama aliinuka wa kwanza. Alikuja kwa hatua za haraka mno, mzee akining'inia begani kwake, akapita wawili waliokuwa mbele yake, ambao walimwachia njia bila kinyongo. Akapiga magoti. Yakakunjika. Akapokea, na mumewe akapokea baada yake, na mimi nikakosa wimbo mistari miwili kwa sababu ambazo Mungu anazijua.

Kisha wakarudi. Nikamwona mama amesimama ghafla kwenye njia ya katikati. Mahali pake pale kwenye benchi, ambapo kwa zaidi ya miaka arobaini hakuwahi kupaacha hata mara moja wakati wenzake wakienda mbele, palikuwa pamekaliwa. Mama mmoja kijana mwenye mtoto mgongoni alikuwa amejisogezea, kama ifanyikavyo kila Jumapili kwa kila mtu mwingine. Mzee, asiyeona kitu, akamgonga mgongoni.

"Mbona umesimama?" akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele za fuawe.

"Wamenichukulia nafasi," akajibu mkewe, kanisa zima likasikia, uso wake unawaka kwa furaha. "Meku, nimekwenda mbele, wakanichukulia nafasi yangu!"

Yule mama kijana akaanza kuinuka kwa aibu, lakini mke wa mhunzi akamsukuma bega akae. Akamshika mumewe mkono, wakaenda kusimama nyuma kabisa karibu na mlango, na hapo walibaki mpaka baraka ya mwisho.